James Grant, Mchoraji Aliyekaa Unyamwezi



Kama ilivyo desturi ya kijarida hiki cha harambee, baada ya taarifa za miradi tunaweka maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye kumjua kunatusaidia kujijua sisi wenyewe. Mwaka huu tumemchagua mgeni. Anaitwa James Augustus Grant, askari kutoka Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1827 na kufariki mwaka 1892. Wengi wetu tumekwisha kulitamka jina lake pasipo kumfahamu mwenyewe, maana yule swala wa mbugani anayeitwa swala granti alipewa jina hilo mwaka 1872 kwa heshima yake.

Hatukumchagua kwa sababu ya swala, wala kwa sababu ya habari za chanzo cha Mto Nile zilizompa sifa kwao. Tumemchagua kwa sababu ya kalamu na rangi zake. Mwaka 1861 Grant alikaa Unyamwezi takriban miezi minane, na katika muda huo alichora. Picha zilizotokana na kazi yake ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zilizoionyesha dunia watu wa nchi yetu, nyumba zetu na kazi zetu. Kamati yetu imeanza kukusanya picha za zamani za Puge, na katika kazi hiyo tumejiuliza: picha hizo za mwanzo zilitoka wapi, zilipita mikono ya nani, na zilibadilika nini njiani? Maisha ya Grant yanatupa jibu, na jibu hilo linahusu ombi tulilo nalo mwishoni mwa kurasa hizi.

Alikotokea

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji wa Nairn, ulioko pwani ya kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846, akiwa kijana wa miaka 19, akaingia katika jeshi la Waingereza nchini India. Huko alipigana katika vita vya Punjab, na mwaka 1857 alijeruhiwa mkononi katika mapigano ya Lucknow. Huko India pia ndiko alikojuana na afisa mwenzake, John Hanning Speke. Wote wawili walipenda kuwinda, na Grant alipenda pia mimea na kuchora.

Speke ndiye aliyetangulia kufika kwetu. Mwaka 1857 alitoka pwani pamoja na Richard Burton, wakafuata njia ya misafara hadi Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora. Mwaka uliofuata, wakati Burton anapumzika Kaze, Speke alichukua njia ya kaskazini na mwezi Agosti 1858 akayaona maji ya ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, naye akaliita Victoria. Aliporudi Uingereza alidai kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile. Wapo waliomkubali na wapo waliombishia, Burton akiwa wa kwanza wao. Ikabidi safari ya pili ifanywe ili kupata ushahidi, na Speke akamwomba Grant amfuate.

Waliondoka Uingereza mwezi Aprili 1860, wakafika Unguja mwezi Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba msafara ukaondoka Bagamoyo. Mizigo ya msafara huo ilibebwa kwa mabega. Miongoni mwa wapagazi walikuwamo Wanyamwezi wengi, maana nani katika nchi hii aliyeijua njia ile kuwazidi wao? Basi tunapozungumza juu ya karatasi na rangi za Grant, tukumbuke kwamba kila karatasi ilisafiri juu ya bega la mtu. Majina ya watu hao wengi hayakuandikwa chini ya picha hata moja.

Kamera iliyoachwa njiani

Grant hakukusudiwa kuwa mchoraji. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kupiga picha kwa kamera, na kule Unguja mwaka 1860 alizipiga. Lakini upigaji picha wa siku hizo haukuwa kama huu wa leo wa kutoa simu mfukoni. Mpiga picha alipaka dawa kwenye kipande cha kioo ndani ya giza, akakiingiza katika kamera kikiwa bado kibichi, akapiga, kisha akakimbia kukisafisha kabla hakijakauka. Safarini giza hilo lilipatikana ndani ya hema dogo lililofungwa kila upande. Kwenye jua la nchi yetu hema hilo liligeuka tanuri. Speke aliona kwamba kazi hiyo ingemuua mwenzake, basi kamera ikawekwa kando na Grant akashika penseli na rangi za maji.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo makubwa. Kamera hunasa kilicho mbele yake kwa muda mfupi. Mchoraji hulazimika kukaa, kutazama, kupima kwa jicho na kuchagua. Tena penseli humruhusu kuandika pembeni ya karatasi: hapa ni mahali gani, tarehe gani, rangi ya kitu hiki ni ipi, chombo hiki hufanya kazi gani. Grant aliandika maelezo ya namna hiyo kwenye karatasi zake nyingi.

Miezi minane Unyamwezi

Msafara ulifika Kaze mwishoni mwa Januari 1861. Mwenyeji wao alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa nchini miaka mingi. Walikusudia kupita haraka, lakini Unyanyembe ilikuwa vitani. Waarabu wa Kaze walikuwa wamegombana na mtemi Mnywa Sele, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake, na Mnywa Sele akawa anapigana kurudisha kiti chake. Kulikuwa na njaa, na wapagazi hawakupatikana. Speke alijaribu kusuluhisha akashindwa.

Mwezi Machi wakasogea kaskazini hadi Mininga, kwa mfanyabiashara wa pembe aliyeitwa Sirboko, ambaye biashara yake ilikuwa imeharibika. Speke alikwenda na kurudi kutafuta wapagazi. Grant akaugua homa, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba akabaki Ukuni, jirani na hapo, chini ya mtawala aliyeitwa Ukulima. Hatusemi kwamba alipiga hema Puge. Tunasema kwamba alikaa kaskazini ya Tabora, ndani ya Unyamwezi, kwa watu waliolima mtama, waliojenga na kucheza ngoma kama walivyofanya babu zetu wa Puge.

Mtu akitaka kujua mchoraji huyu alipata wapi mawazo yake, jibu lipo katika homa ile. Msafiri anayekimbilia mbele huchora milima na mito anayoipita. Mgonjwa aliyelazwa kijijini miezi mitatu na zaidi huona mambo ya nyumbani. Aliwaona wanawake wakipura mtama kwa fimbo ndefu huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Aliona mitindo ya nywele, mapambo, mikuki na vyombo. Alikusanya mimea akaikausha. Baadaye alipoandika kitabu chake, hata kwenye jina la kitabu alieleza kwamba humo mna mambo ya maisha ya nyumbani aliyoyakuta safarini.

Aliona pia mambo machungu. Kwa Sirboko kulikuwa na watumwa waliofanya kazi wakiwa wamefungwa minyororo. Mmoja wao alimtambua Speke, kwa kuwa alikuwa amemwona katika safari ya kwanza, akamsihi amkomboe. Speke alizungumza na Sirboko hadi mtu huyo akafunguliwa, akapewa jina la Farhan na kuingia katika msafara. Katika kitabu cha safari hiyo imo picha ya watumwa wa Sirboko wakibeba kuni na kuvuna mpunga. Anayeitazama leo bila maelezo anaweza kudhani ni picha ya mavuno tu. Anayejua ilikotoka anajua kwamba watu wale hawakuwa wakivuna mpunga wao.

Mwezi Septemba Grant alipoanza kuondoka, watu wa mtawala Myonga waliuvamia msafara wake. Wapagazi wakatawanyika porini na mizigo mingi ikaporwa, ingawa sehemu yake ilirudishwa baadaye. Hivyo ndivyo Grant alivyoiaga Unyamwezi.

Karagwe, Buganda na maporomoko asiyoyaona

Novemba 1861 walifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, aliyewapokea kwa ukarimu ambao wote wawili waliusifu maisha yao yote. Lakini mguu wa Grant uliingiwa na maradhi mabaya, akashindwa kutembea. Januari 1862 Speke akaenda Buganda peke yake. Grant akabaki Karagwe hadi Aprili, akichora alipoweza, na alipoondoka alibebwa kwenye machela. Alifika kwa Kabaka Mutesa mwishoni mwa Mei.

Julai wakaondoka pamoja kuelekea mto, na njiani Speke akamtuma Grant aende moja kwa moja Bunyoro. Yeye mwenyewe akageukia mashariki na tarehe 28 Julai 1862 akasimama kwenye maporomoko ambapo Nile unatoka ziwani, akayaita Ripon. Basi Grant, aliyetembea kutoka Bagamoyo, aliyeugua Unyamwezi na kulemaa Karagwe, hakuyaona maporomoko yenyewe. Hakulalamika hadharani siku hizo wala baadaye. Lakini kwa habari yetu ya picha jambo hilo lina uzito: picha ya maporomoko ya Ripon iliyomo kitabuni haikuweza kutokana na macho yake.

Februari 1863 walifika Gondokoro, wakateremka na mto hadi Misri. Huko Cairo wale watu waaminifu waliobaki nao, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, walipigwa picha ya pamoja kwa kamera. Picha hiyo nayo ikawa msingi wa picha ya kuchorwa iliyoingia kitabuni.

Picha zilivyobadilishwa London

Kitabu cha Speke kilitoka Desemba 1863. Ukurasa wake wa mwanzo unaeleza kwamba picha zake nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Neno hilo ni la kweli, lakini kutokana na mchoro si sawa na kuwa mchoro wenyewe, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie tueleze ufundi wenyewe.

Wakati ule mchoro wa rangi za maji haukuweza kuchapwa kitabuni kama ulivyo. Ulipaswa kwanza kuchorwa upya, kwa mistari, juu ya kipande cha mti mgumu kilichopakwa rangi nyeupe. Kisha mchongaji alichukua visu vyake akaondoa mbao yote isipokuwa mistari. Mistari iliyobaki imeinuka ndiyo iliyopakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Kwa kuwa karatasi hupokea picha kinyume, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, aliyechora juu ya mti alipaswa kugeuza kulia kuwa kushoto. Na rangi zote za Grant zikaishia kuwa nyeusi na nyeupe.

Kazi ya kuchora upya picha za kitabu hicho ilipewa Johann Baptist Zwecker. Alikuwa Mjerumani mzaliwa wa Frankfurt mwaka 1814, aliyehamia London na kujulikana kwa kuchora wanyama. Alikuwa hodari. Kazi yake aliifanyia London, akiwa na karatasi za Grant mbele yake, maelezo ya wasafiri, na picha alizokwisha kuziona au kuzichora mwenyewe hapo kabla. Kila mchoraji huchota katika ghala lake la kumbukumbu. Ghala la Zwecker lilikuwa limejaa, lakini si kwa mambo ya Unyamwezi.

Ndiyo maana picha za kitabuni zina sura nyingine. Karatasi za Grant ni ndogo na tulivu: mtu, chombo, mmea au nyumba, na maandishi pembeni. Picha za kitabuni zimekuwa matukio kamili, watu wamepangwa kama jukwaani, kuna mwendo na msisimko wa kumvutia mnunuzi. Maandishi ya pembeni hayapo tena. Mojawapo ya picha zinazojulikana sana humwonyesha Grant akicheza ngoma na Ukulima. Nyingine humwonyesha akiondoka Karagwe akiwa amebebwa. Katika picha hizo aliyekuwa akichora amegeuka kuwa ndiye anayechorwa, na mtu anayezitazama anapaswa kujua kwamba mkono mwingine umeingia.

Hatusemi haya kumshtaki Zwecker. Alilipwa kufanya kazi ambayo wachapaji wote wa zama zake waliihitaji, na bila yeye michoro ya Grant isingefika mikononi mwa wasomaji wengi. Tunasema ili ijulikane kwamba kati ya mwanamke wa Mininga aliyepura mtama mwaka 1861 na picha iliyo kitabuni, wamesimama watu wasiopungua watatu: aliyemwona, aliyechora upya bila kumwona, na aliyechonga mti.

Picha zikaendelea kusafiri

Mwaka 1864 kitabu cha Speke kilitoka kwa Kifaransa mjini Paris, kikiwa na picha zilizotajwa kwamba zimetokana na michoro ya Grant. Katika biashara ya vitabu ya karne ile ilikuwa kawaida kutengeneza nakala ya chuma ya ubao uliochongwa, kisha kuiuza au kuikodisha kwa mchapaji wa nchi nyingine. Asiye na fedha ya nakala aliweza kumpa mchoraji wake kitabu akopie, na kila aliyekopia aliweza kuongeza mti, kupunguza mtu au kubadili vazi.

Zwecker mwenyewe akawa fundi anayetafutwa kwa vitabu vya Afrika. Alichora kwa ajili ya kitabu cha Samuel Baker juu ya Ziwa Albert mwaka 1866, na pia kwa kitabu cha Henry Morton Stanley cha mwaka 1872, kile kinachosimulia alivyomtafuta Livingstone na kukaa Kwihara, jirani kabisa na Tabora. Fikirini basi: mkono uleule wa London uliitengeneza Unyamwezi ya Grant na Unyamwezi ya Stanley, tena katika muda wa chini ya miaka kumi. Msomaji wa Ulaya aliyedhani amepata mashahidi wawili wa macho kwa kiasi kikubwa alikuwa akitazama ufundi wa mtu mmoja.

Picha hizo hazijafa. Hata leo mtu hukutana nazo katika vitabu na kwenye intaneti, mara nyingi zikiwa zimekatwa pembeni na kuwekewa maelezo ya jumla tu, kwamba ni Afrika ya zamani au ni safari za misafara. Mahali pamepotea, mwaka umepotea, jina la aliyechora limepotea. Mtoto wa Puge anaweza kufungua kitabu akatazama picha ya kijiji kilichokuwa mwendo wa siku chache kutoka kwao, na asijue kwamba ni ya kwao.

Maisha ya mwisho ya Grant

Speke alifariki Septemba 1864 kwa kupigwa na risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka huohuo Grant alitoa kitabu chake juu ya safari ile. Inasimuliwa kwamba jina la kitabu, linalozungumzia kutembea kwa miguu kuikata Afrika, lilitokana na utani wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Palmerston, aliyemwambia kwamba amefanya matembezi marefu. Kitabu hicho kimejaa mambo ya vijijini, mimea na desturi. Lakini kilitoka na ramani bila picha zake. Mtu ambaye michoro yake ilikipamba kitabu cha rafiki yake, na kufika hadi Ufaransa, alisimulia habari zake mwenyewe kwa maneno matupu.

Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London kilimpa nishani mwaka 1864. Mwaka 1868 alikwenda na jeshi la Waingereza Uhabeshi, kisha akastaafu akiwa na cheo cha luteni kanali. Mimea aliyoikusanya safarini ilichapishwa na wataalamu kuanzia mwaka 1872. Aliendelea kumtetea rafiki yake Speke katika mabishano ya Nile hadi uzeeni. Alifariki Nairn, alikozaliwa, tarehe 11 Februari 1892.

Karatasi zake, yaani shajara na michoro inayozidi 100, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh. Maandishi yake ya pembeni bado yanasomeka. Kwa hiyo ukweli wa picha zile haukupotea. Upo, ila uko mbali na watu waliochorwa.

Kunakili si kosa

Msomaji anaweza kuuliza: je, ni vibaya basi kutumia picha ya mwenzako kutengeneza yako? Sisi hatudhani hivyo, na hata wazee wetu hawakudhani hivyo. Katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi kulikuwa na chama cha Bayeye, waganga na wachezaji wa nyoka. Kwenye kuta za nyumba zao za mikutano walichora nyoka, watu na wanyama kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu juu ya picha hizo mwaka 1953. Udongo wa ukuta haudumu, na mvua haina huruma. Ukuta ulipoanguka, michoro ilirudiwa kwenye ukuta mpya. Mwanafunzi alijifunza kwa kurudia umbo aliloonyeshwa na mkubwa wake, na pamoja na umbo alifundishwa habari yake: huyu ni nani, alifanya nini, funzo lake ni lipi.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Picha ya Bayeye ilinakiliwa pamoja na habari yake. Picha ya Mininga ilinakiliwa, habari ikaachwa kwenye karatasi moja ndani ya sanduku moja. Kunakili kulikuwa kulekule, na mafundi wote walikuwa hodari. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba maelezo.

Ombi letu la mwaka huu

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Puge iko karibu katikati ya barabara ya Tabora na Nzega, na watu wetu wamesambaa kila upande wa barabara hiyo hadi miji mikubwa na nchi za nje. Katika masanduku ya bibi zetu mna picha za harusi, za ubatizo na maulidi, za vijana wa jeshi, za mavuno ya pamba, za watoto waliosimama mbele ya madarasa ya kwanza. Nyingine zimeliwa na mchwa. Nyingine zimehamia kwenye simu, zikatumwa kutoka kundi hadi kundi, na aliyezituma wa mwisho hajui tena aliyemo ni nani. Mwenye kujua ni mzee mmoja, naye umri umekwenda. Akiondoka, picha itabaki na sura bila jina, kama zile za wapagazi wa Grant.

Tunajua watakaosema kwamba picha si dawati wala si maji. Ni kweli, na fedha za madawati na maji mtaziona kwenye kurasa za miradi, hatukuzigusa. Kwa kazi hii tunaomba mfuko wa pembeni, wenye mambo matatu. Kwanza, kuzinakili picha za zamani za familia za Puge na kuzirudisha kwa wenyewe siku hiyohiyo. Pili, kukaa na wazee na kuandika nyuma ya kila nakala majina, mahali, mwaka na aliyepiga au kuchora. Tatu, kuwanunulia watoto wa shule zetu karatasi, penseli na rangi, ili wachore Puge ya leo kwa macho yao wenyewe, kisha waandike pembeni walichokichora.

Mwanachama asiye na fedha anaweza kuchangia kwa picha, na asiye na picha anaweza kuchangia kwa kumbukumbu. Fomu ya ahadi imo katikati ya kijarida hiki. Tunaomba irudishwe kwa mweka hazina wa tawi lako kabla ya mkutano mkuu, na picha ziletwe mkutanoni zikiwa ndani ya bahasha yenye jina la mwenyewe.